Jezi Mpya, Kiwanja Kilekile

Picha ile bado ipo mtandaoni. Wasichana 14 wamepanga mistari miwili, saba wana jezi nyekundu na saba wana jezi za njano, mikono kiunoni, meno nje. Nyuma yao kuna tenti la bluu, spika mbili kubwa na mkorosho mmoja mnene. Ilipigwa saa tisa alasiri pale Nachingwea, na hadi usiku ilikuwa imeshavuka laiki elfu moja. Watu waliandika "wadada mnatisha", "kusini kumenoga", "jezi kali, nani kadizaini?"

Kitu ambacho picha haionyeshi kilitokea saa kumi na moja kasoro. Msichana wa tatu kutoka kushoto, yule aliyeinua vidole viwili, alikuwa amelala chini ya mkorosho uleule, kichwa kwenye mapaja ya mwenzake, goti limefungwa kanga. Ndani ya kanga hiyo hakukuwa na barafu ya hospitali. Kulikuwa na barafu za ukwaju, zile za mia mia, zilizokimbiliwa duka la jirani kwa sababu hakuna mtu aliyekumbuka kuleta kitu kingine.

Spika bado zilikuwa zinapiga muziki. Dijei alikuwa hajaambiwa.

Sasa turudi mwanzo, maana stori hii haianzii kwenye goti. Inaanzia kwenye basi.

Kuna Dada mmoja wa Nachingwea. Anasoma ualimu chuo kikuu Dar es Salaam, na anacheza netiboli kwenye klabu ya chuo, namba yake ni C, yule wa katikati anayekimbia kuliko wote. Kuna Kaka mmoja wa Ruangwa, naye anasoma Dar, chuo kingine, fani ya ujenzi. Wakakaa siti moja likizo ndefu ilipoanza, basi la kusini, safari ya kutwa nzima. Hadi wanafika njia panda ya Nanganga walikuwa wameshabadilishana namba, karanga na chaja. Kaka akashuka Ruangwa. Dada akaendelea hadi Nachingwea. Usiku huohuo simu ikaita.

Wanaoijua likizo ndefu wanajua shida yake. Kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi chuo kimefungwa, boom limeisha, mtu yuko nyumbani anakula kwa mama na kuulizwa maswali ya ndoa na mashangazi. Wanachuo wa Nachingwea walikuwa na dawa yao. Kila likizo wasichana wanaosoma vyuo mbalimbali walikuwa wanakutana jioni na kucheza mpira wa pete. Wengine walikuwa kwenye timu za vyuo vyao na hawakutaka kurudi mwezi wa kumi na moja miili imelala. Wengine walikuja kupiga stori tu. Baada ya Dada na Kaka kuzoeana, wasichana wa Ruangwa nao wakaingizwa, grupu la WhatsApp likaundwa, na ikazaliwa klabu ya wanachuo wa wilaya mbili. Haina usajili wala ofisi, ina watu 24 na mpira mmoja.

Na kiwanja. Kiite kiwanja kwa heshima tu.

Kilikuwa eneo la wazi la mzee mmoja, pembeni ya mikorosho yake, ambalo alikuwa halilimi. Upande mmoja uliinuka, upande mwingine ulishuka kuelekea barabarani, kwa hiyo timu iliyocheza juu ilikuwa inapiga pasi na mteremko na timu ya chini ilikuwa inapanda mlima. Kokoto zilitawanyika kila mahali. Kulikuwa na shimo moja pale ulipong'olewa mzizi wa mkorosho uliokufa, ambalo kila mwaka lilijazwa majani na mchanga na kila mwaka lilijifungua tena. Magoli yalikuwa nguzo mbili za miti zenye duara la nondo juu, kazi ya fundi mmoja ambaye hakuna aliyemkumbuka jina. Mistari ilichorwa kwa kijiti, ikafutika kabla ya robo ya kwanza kuisha.

Lakini walicheza, na walicheza vizuri. GS wao, msichana mrefu mpole wa Ruangwa, alikuwa hakosi. Kumi kwa kumi. Wenzake walikuwa wanamwambia, "Wewe ukirudi chuo wakuache benchi, sisi tunaandamana." Cha ajabu, kila akirudi chuo alikuwa anaachwa benchi. Alikuwa anasema anapata woga tu, basi. Wakaamini ni woga.

Kaka yeye hakucheza netiboli, ila alikuwa na kitu ambacho kila klabu inakihitaji na kila klabu inakiogopa, yaani mipango mikubwa. Na ukitaka kumwelewa lazima umwelewe mtu aliyekulia Ruangwa miaka ile. Alikuwa bado shule wakati Namungo FC, timu iliyobeba jina la sehemu moja ndani ya wilaya hiyo, ilipopanda Ligi Kuu na kuanza kucheza msimu wa 2019/20. Ghafla Simba na Yanga wakawa wanakuja Ruangwa. Mji ambao watu wengi wa Dar walikuwa hawawezi kuuonyesha kwenye ramani ukawa unatajwa kwenye redio kila wiki, na uwanja unaoitwa Majaliwa ukawa unajaa. Tarehe 2 Agosti 2020 Namungo wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na Simba kule Sumbawanga, wakafungwa 2-1. Na kwa kuwa Simba alikuwa bingwa wa ligi pia, Namungo wakapewa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakafika hadi hatua ya makundi mwaka 2021.

Kijana aliyeona hayo kwa macho yake huwezi kumwambia kwamba kuna kitu hakiwezekani. Kwake fomula ilikuwa moja: uonekane kwanza, mengine yatafuata.

"Tufanye bonanza," akaandika kwenye grupu. "Ruangwa na Nachingwea. Jezi, tenti, muziki, kombe. Tuwaite viongozi. Wakituona tuko siriasi wenyewe watatujengea kiwanja."

Dada akajibu kwa voisi ya dakika tatu. Alikuwa haongei kwa hasira. Alieleza kwamba netiboli sio mpira wa miguu. Ukidaka mpira hewani na kutua, ule mguu uliotua wa kwanza ukishauinua huruhusiwi kuurudisha chini ukiwa bado na mpira, na una sekunde tatu tu za kuutoa. Maana yake mchezaji anakimbia kwa kasi, anaruka, anatua, anafunga breki papo hapo. Uzito wote unaishia kwenye kifundo na goti. Mchezo huo ukiuchezea juu ya kokoto na shimo unacheza kamari. "Hela ikipatikana," akamalizia, "tuanze na chini. Jezi tutavaa hata fulana za nyumbani."

Akaongeza na moja ya kuchokoza: hao Namungo wenyewe walipofika Afrika, mechi zao za nyumbani zilichezwa Dar es Salaam, sio Ruangwa. "Kwa hiyo kuonekana walionekana, ila kiwanja bado kiliwadai."

Kaka akacheka kwa emoji. Wengine wakacheka. Kura zikapigwa palepale kwenye grupu. Kumi na saba wakachagua bonanza, saba wakachagua kiwanja. Na ukweli usemwe, hata wale saba, watatu walitaka kujua kwanza jezi zitakuwa rangi gani.

Michango ikaingia kutoka kwa ndugu, kwa wajomba wenye mikorosho, na kwa wafanyabiashara wa mjini waliotaka tangazo lao lisomwe. Ikafika shilingi 620,000. Jezi 14 zikala 280,000. Tenti na muziki 150,000. Kombe na medali 90,000. Chakula na maji 80,000. Ikabaki 20,000, ikawekwa kwa mweka hazina, ambaye alikuwa Dada.

Siku ya bonanza watu walijaa kweli. Viongozi walioalikwa hawakufika, mmoja alituma salamu. Jezi zilikuwa 14 tu, kwa hiyo mchezaji akitolewa alikuwa anaingia nyuma ya tenti kumvulia mwenzake, na watu wakashangilia hilo kuliko magoli. Ilikuwa siku nzuri. Hadi robo ya tatu, pale GA wa Nachingwea aliporuka kudaka pasi ya Dada, akaidaka, akatua na mguu wa kulia ndani ya lile shimo la mzizi.

Waliokuwa karibu wanasema walisikia sauti kama kijiti kikavu kinavunjwa.

Ile pasi ilikuwa ya Dada. Hilo hakulisema kwa mtu kwa muda mrefu.

Picha ya X-ray ilionyesha mifupa mizima na watu wakashukuru Mungu mapema mno, kwa sababu kano za ndani ya goti X-ray haizionyeshi. Goti liliendelea kuvimba. Daktari akamwambia msichana apumzike, aanze mazoezi ya taratibu ya kuimarisha paja, asahau kuruka msimu huo mzima, na akifika Dar atafute kipimo kikubwa zaidi. Huyu msichana alikuwa ameshaitwa kwenye majaribio ya timu ya chuo chake. Alikuwa anayasubiri tangu mwaka wa kwanza.

Grupu likawa kimya. Wale wa "wadada mnatisha" walishahamia kwenye picha nyingine.

Kaka na Dada wakagombana vibaya, ugomvi wa voisi, ule wa mtu kurekodi, kufuta, kurekodi tena. Kaka akasema ajali ni ajali, hata kwenye nyasi za Ulaya watu wanaumia. Alikuwa sahihi. Dada akasema sawa, ila kule mtu haumii kwa sababu kuna shimo ambalo watu 24 wanalijua kwa miaka mitatu. Naye alikuwa sahihi. Halafu akamuuliza swali moja, na baada ya hapo hawakuongea kwa wiki nzima.

"Wewe si unasoma ujenzi? Umewahi kukipima hiki kiwanja hata siku moja?"

Kilichomtoa Kaka Ruangwa hakikuwa hilo swali, ingawa lilimkaa. Alikwenda Nachingwea kumjulia hali mgonjwa. Akafika na matunda na maji ya kopo, akaamkia, "Shikamoo mama." Mama wa yule msichana akaitikia, akamkaribisha kiti, akamletea uji. Hakumfokea hata kidogo. Jezi ya njano ilikuwa imefuliwa, inaning'inia kwenye kamba. Mama akaiangalia, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Nguo nzuri, mwanangu. Mlimpendezesha." Kisha akanyamaza, akaendelea kupeta mchele.

Kaka anasema angetukanwa ingekuwa nafuu.

Alitoka pale akaenda moja kwa moja kiwanjani, peke yake, akiwa na futi ya mita tano aliyoiazima kwa fundi njiani. Kiwanja cha netiboli kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, na kinagawanywa sehemu tatu zilizo sawa. Chao kilikuwa na mita 26 upande mmoja na 24 na kitu upande wa pili. Pembe hazikuwa za mraba. Kisha akaegesha ngazi ya jirani kwenye nguzo ya goli, akapima kutoka chini hadi kwenye duara.

Akapima tena. Akaenda nguzo ya pili, akapima.

Goli la netiboli linatakiwa kuwa mita 3.05 kutoka chini. Lao lilikuwa mita 2.70.

Jioni akamtumia Dada picha ya futi, bila neno lolote. Dada akaiangalia, akakaa kitandani. Akamfikiria yule GS mrefu mpole wa Ruangwa. Likizo tatu mfululizo, kila jioni, yule msichana alikuwa anaufundisha mkono wake kufunga goli fupi. Akirudi chuoni goli limepanda sentimita 35, mkono unatupa kama ulivyofundishwa, mpira unagonga chuma. Na wao wote walimwambia ana woga. Yeye mwenyewe akakubali ana woga.

Hapo ndipo walipoanza kuongea tena.

Kazi ya kwanza ilikuwa ardhi, na haikuwa ya koleo. Mzee mwenye eneo alikuwa mwema, lakini wema wa mdomo una mwisho wake. Kesho wanawe wakitaka kuuza, kiwanja kizuri ndicho kitauzwa kwa bei nzuri. Wakaenda naye hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, ikaandikwa karatasi kwamba eneo litatumika kwa michezo kwa miaka mitano, kwamba korosho zitakazoangukia ndani ni za mzee, na kwamba mwezi wa kumi wakati wa mavuno wachezaji watamsaidia kuokota siku mbili. Kila mtu akasaini. Mzee akasaini wa mwisho, akauliza kama na yeye atapata jezi.

Pili ilikuwa udongo, na hapo akaingia Bibi yake Dada.

Bibi huyu alizaliwa baada ya mradi wa karanga, lakini baba yake alikuwa kibarua wa kung'oa visiki kwenye mradi wenyewe. Nachingwea ni mji uliokuzwa na ndoto kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka misitu ya Kongwa, Urambo na Nachingwea wapate karanga za kukamulia mafuta. Wakaleta matrekta ya kila aina, wakajenga reli kutoka pwani hadi Nachingwea. Udongo na mvua hawakuvipima vizuri. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Kwa hiyo Bibi aliposikia wajukuu wanataka kuleta kokoto za barabarani wazimwage juu ya kiwanja, akauliza, "Mmeuangalia udongo wa chini lakini? Au mnaleta tu kama wale?"

Akawaambia watafute vichuguu. Sakafu za nyumba za zamani zilisiribwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameshauchagua na kuusaga, ukilowa na kushindiliwa unakaza kama saruji. Kaka alitaka kubisha, akaingia kwanza kwenye vitabu vyake. Akakuta Bibi yuko sahihi. Hata viwanja vya tenisi vya wakoloni sehemu nyingi za Afrika vilitengenezwa kwa udongo huohuo.

Hela sasa. Ilibaki ile 20,000. Wanachama 24 wakatoa 5,000 kila mtu, ikawa 120,000. Haitoshi hata kidogo. Hapo Kaka akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu, na Dada alikuja kulijua baadaye kabisa. Alikuwa na akiba ya 300,000 kwa ajili ya simu ya macho matatu. Alikuwa ameidunduliza mwaka mzima, na kila aliyemjua alikuwa anajua. Akaitoa yote. Aliposhindwa kupiga picha nzuri jioni fulani na watu wakamcheka, "Bro, hiyo simu mpya vipi?", akasema mzigo umechelewa bandarini.

Trekta ikaleta udongo safari nane, 30,000 kila safari. Nguzo mbili za chuma zenye vipimo sahihi zikachomelewa kwa 130,000. Maji yakaletwa na boza mara mbili, 50,000. Chokaa na kamba 20,000. Jumla 440,000, kasoro ya hela ya bonanza kwa 180,000.

Kazi yenyewe ilichukua wiki tatu, na wiki ya kwanza waliharibu. Walisawazisha vizuri, wakitumia mpira wa maji wa mafundi kuona wapi pako juu na wapi pako chini. Lile shimo la mzizi walilichimba zaidi badala ya kulifukia, wakatoa mbao zote zilizooza, ndipo wakajaza kidogo kidogo huku wanashindilia. Tabaka la juu la kichuguu wakalimwaga, wakalimwagia maji, wakaenda kulala wakishangilia. Siku ya tatu jua likalipasua lote, nyufa za kuingia kidole. Udongo ulikuwa mtupu mno. Ikabidi waukwatue, wachanganye na mchanga, wamwage upya. Roli ya kushindilia hawakuwa nayo. Wakachukua pipa la lita 200, wakalijaza mchanga, wakapitisha bomba katikati, wakawa wanalivuta wanne wanne. Katikati ya kiwanja wakaacha panyanyuke kidogo sana, ili maji yatoke pembeni, na wakachimba mfereji upande wa juu.

Yule GA mwenye goti alikuwa anakuja kila siku na fimbo yake, anakaa chini ya mkorosho, anapika chai na kuwasimanga. "Pale bado kuna bonde. Ndiyo, pale. Mimi nina haki ya kusema."

Siku ya kwanza ya mazoezi ilikuwa aibu tupu. Magoli yalikuwa yamepanda hadi yanapotakiwa, na GS aliyekuwa hakosi alikosa mipira kumi na mmoja mfululizo. Wa kumi na mbili ukagonga chuma. Watu wakaanza kunung'unika, mmoja akasema si bora ya zamani, tulikuwa tunafunga. GS hakujibu. Aliomba abaki. Dada akabaki naye anamrudishia mipira, hadi giza likaingia na duara likawa halionekani tena. Ilimchukua zaidi ya wiki mbili kuanza kufunga nusu ya mipira yake. Hakuwahi kurudi kwenye kumi kwa kumi likizo ile. Lakini alipoondoka kwenda chuo mwezi wa kumi na moja aliondoka anajua kwamba hana ugonjwa wa woga. Alikuwa na goli fupi tu.

Kama mwisho wa stori ulitakiwa kuwa mzuri zaidi, samahani. GA hakwenda kwenye majaribio ya timu ya chuo. Goti lake limepona kwa kutembea, halijapona kwa kuruka, na hakuna anayejua kama litapona. Alipata alichoweza kupata: kwa kuwa alianza masomo mwaka huo akiwa amechelewa, ndiye aliyebaki Nachingwea wa mwisho, na ndiye aliyewakabidhi kiwanja wasichana wa sekondari wa mtaani. Aliwapa mpira na masharti mawili. Hakuna kucheza na viatu vya visigino, na kabla ya mazoezi kila mtu azunguke kiwanja kizima kwa mguu akiangalia chini. Ukiona jiwe unatoa. Ukiona shimo hakuna mchezo hadi lizibwe.

Jezi nyekundu na za njano zipo. Wanazivaa wale wadogo, zinawafika magotini.

Mtu mmoja aliposti picha ya kiwanja kipya kikiwa kitupu, mistari meupe ya chokaa, nguzo mbili, hakuna binadamu. Ilipata laiki 31. Mmoja akaandika, "Sasa hii ni picha ya nini?"

Mvua za mwezi wa kumi na mbili zilipoanza, Dada na Kaka walikuwa Dar. Usiku mmoja GA, ambaye alikuwa amerudi nyumbani kwa sikukuu, akatuma video kwenye grupu. Giza, tochi ya simu inatikisika, mvua inapiga bati karibu. Tochi inamulika kiwanja. Maji yanashuka pembeni, yanaingia kwenye mfereji, yanakwenda zake barabarani. Tochi inasogea hadi pale palipokuwa na shimo, inabaki pale muda mrefu. Pamekauka. Yaani pameloa, ila maji hayajasimama.

Hakuandika kitu. Mama yake anasikika kwa mbali akimuita, "We mtoto, utaanguka na hilo goti lako, rudi ndani!"

Kaka aliiangalia video hiyo kwenye simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Dada alikuwa ameketi pembeni yake. Ndipo alipomuuliza kwa mara ya kwanza ule mzigo wa bandarini umefikia wapi, na Kaka akashindwa kuendelea kudanganya.

Na wewe unayesoma hii, mtaani kwako kuna kiwanja. Ni lini mara ya mwisho mtu alikizunguka kwa mguu akiangalia chini?